Mkanda wa kumtembezea mbwa mzee: kazi ya fundi viatu mmoja wa sokoni Mwanga, Kigoma

Nianze na bei, maana ndiyo itakayoulizwa kwanza. Shilingi 25,000 mkanda mzima wa kumshikilia mbwa nyonga anapotembea, vifaa vya fundi mwenyewe, na marekebisho yaliyofuata hakunitoza hata mia. Nimeutumia tangu mvua zilipoanza mwaka jana mpaka sasa vumbi limerudi barabarani. Unafanya kazi. Fundi ana kasoro zake na mkanda una zake, nitazisema zote, lakini kama una mbwa mdogo aliyezeeka, miguu ya nyuma inamsumbua, na uko Kigoma au unapitapita huku, usiagize kitu mtandaoni kabla hujapita kwa huyu bwana.

Mbwa wangu anaitwa Dagaa. Mjukuu wangu ndiye aliyempa jina hilo siku alipoletwa, mdogo wa kuenea kwenye kapu la sokoni na mweupe wa kung'aa. Familia moja iliyokuwa ikifanya kazi na mashirika ya wakimbizi upande wa Kasulu ilituachia walipohama. Mama yake alikuwa mbwa wa Kizungu, manyoya marefu na miguu mifupi. Baba hakuna anayemjua, ila masikio yanasema ni wa hapahapa. Sasa Dagaa ana miaka 13. Kwa mbwa huo ni uzee usio na ubishi, ingawa wadogo huishi kuliko wakubwa, kwa hiyo sikuwa tayari kumwimbia parapanda.

Ugonjwa haukuanza kwa kilio. Watu husubiri mbwa alie ndipo waamini anaumwa, na mbwa mwenye baridi yabisi mara nyingi halii kabisa. Dagaa aliacha kupanda kochi. Baadaye akawa anasimama chini ya ngazi za baraza, anazitazama, ananitazama mimi, anakaa. Asubuhi alitoka na miguu ya nyuma imekakamaa, hatua fupifupi, na akishazunguka ua kidogo analainika, mtu ukadhani amepona. Akawa analamba goti la kulia mpaka manyoya ya pale yakageuka rangi ya kahawa. Mimi nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa wodi ya mifupa. Nilipomshika mapaja yote mawili na kukuta la kulia limenywea, sikuhitaji kuambiwa kwamba mguu ule una muda mrefu hautumiki sawasawa.

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani. Hakuanza na sindano, jambo lililonifurahisha. Alikaa kwenye kiti cha baraza akamtazama Dagaa akienda na kurudi, kisha akashika kiungo kimoja kimoja, akikunja na kukunjua, na alipofika kwenye goti la kulia akauchukua mkono wangu akauweka juu yake nisikie linavyokwaruza. Akanieleza kwamba pia ya goti inateleza nje ya njia yake, kitu cha kawaida kwa mbwa wa maumbo haya madogo, na kwamba kuteleza huko kwa miaka mingi kumelisaga gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya kiungo. Nyonga nazo hazikuwa salama. "Hii haiponi, mama," alisema, "inatunzwa." Akaandika dawa ya maumivu, akaagiza apunguzwe uzito, na akasema atembezwe kidogo mara nyingi, asilazwe. Kwenye ngazi na makorongo nimshikilie kiunoni kwa nyuma.

Hapo ndipo mkanda unapoingia, na hapo ndipo kila jirani alipoleta swali lake: mbwa mwenyewe kilo saba, si umbebe tu?

Nimelijibu mara nyingi, nitalijibu na hapa kwa sababu ndilo linaloamua kama utanunua au hutanunua. Wodini tulikuwa tukifundishana kwamba mgonjwa unamsaidia kusimama, humsimamishi. Ukimbeba kila anapotaka kwenda, misuli ya mapaja inazidi kwisha, na kiungo kisicho na misuli ya kukikaza kinauma zaidi, kwa hiyo anatembea kidogo kuliko jana, na wewe unambeba zaidi. Mwenye mbwa wa kilo 40 hana hiari, lazima atafute namna ya kumtembeza. Mwenye mbwa wa kilo saba anamtia kwapani anaondoka naye, anaona amemtendea wema, na baada ya msimu mmoja wa mvua ana mbwa asiyeweza kuvuka ua. Halafu kuna suala la haja. Mbwa hakojoi mikononi mwa mtu. Utamtua chini, miguu itamtoka, atakaa juu ya mkojo wake, na mbwa aliyefunzwa usafi hilo linamdhalilisha kuliko goti lenyewe.

Mwanangu aliyeko Dar alikuwa ameshaniagizia mkanda wa kigeni kwenye duka fulani la mtandaoni. Ulikuja na basi, na sisi wa mwisho wa reli kusubiri mzigo tumezoea. Umeandikwa saizi ndogo kuliko zote. Ulikuwa bendi pana ya kupitisha chini ya tumbo, na vishikio viwili juu. Ubaya wa bendi ya namna hiyo kwa mbwa mfupi ni kwamba tumbo lake lote ni kiganja kimoja na nusu, kwa hiyo ukivuta juu unakibana kibofu. Dagaa alikuwa akikojoa palepale sebuleni, hatua ya kwanza tu. Vishikio vilikuwa vifupi, vimekusudiwa mbwa anayekufika gotini. Ili nimfikie wa kwangu ilibidi niiname mpaka kiuno kikalia, na kiuno changu nacho kimestaafu. Shilingi 85,000 bila nauli ya mzigo. Duka tuliliandikia, likajibu kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudishwi. Basi.

Fundi nilimjua kwa viatu. Yuko soko la Mwanga, upande wa mitumba, ni mtu wa Ujiji, anashona viatu, mikoba, mabegi ya shule, na siti za pikipiki akibanwa na njaa, kwa maneno yake mwenyewe. Jina hataki liandikwe mtandaoni, amesema walioko wanamtosha. Nilimpelekea ule mkanda wa kigeni nikidhani atarefusha vishikio tu. Aliugeuza, akauvuta, akauliza mbwa ana urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Akaurudisha.

"Huu hata nikiurefusha utakutesa. Mlete mwenyewe nimwone."

Nikamleta kwa bajaji, ndani ya kapu. Pale palikuwa na jambo nililolitegemea, maana nimeishi Kigoma muda wa kutosha. Fundi ni mtu wa swala tano, na ilikuwa inakaribia adhuhuri. Akasema bila kuficha wala kukunja uso: "Mama, mimi na mbwa hatuna ugomvi, ila nina udhu, na huyo pua yake mbichi. Utamshika wewe, nitakuelekeza. Mwili ukiwa mkavu hakuna neno." Nikamfuta Dagaa kwa kanga, nikamsimamisha juu ya meza ya kukatia ngozi, kijana wake wa kazi akaweka gunia chini ya miguu ili asiteleze. Fundi akachukua uzi wa nailoni, akanipa ncha moja. Mzunguko wa kiuno mbele ya nyonga. Mzunguko wa kila paja juu kabisa, na la kulia likatoka dogo, akanitazama, nikamwambia ndilo bovu. Kutoka kinenani mpaka chini ya mkia. Kila kipimo anafunga fundo kwenye uzi, haandiki popote. Mwisho akaniambia niachie mkono wangu uning'inie wima, nisimame nilivyozoea, nisijikaze. Akashusha uzi kutoka kiganja changu mpaka mgongoni kwa mbwa, akafunga fundo la mwisho.

Fundo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike haya yote. Hakuna duka la mtandaoni linalouliza urefu wa mwenye mbwa.

Alichotengeneza ni hiki. Kipande cha turubai jepesi kinapita chini ya kinena, kina matundu mawili ya kuingiza miguu ya nyuma, kinapanda pande zote mbili na kufungwa juu ya mgongo kwa utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, na juu ya utepe kuna klipu ya plastiki ya begi kwa usalama. Kwenye pindo za kulia na kushoto ameshona mkanda wa begi, mmoja mrefu, unaokuja juu mpaka mkononi na kurekebishika. Ukivuta, uzito unashikwa na nyonga na mapaja, tumbo halibanwi. Ndani ameweka pedi na juu yake kitambaa cha fulana laini ili ngozi isichubuke. Uzi ni ule wa viatu uliopakwa nta, mshono mara mbili. Rangi ya uzi ni nyekundu juu ya turubai la bluu, sikuulizwa, lakini Dagaa hajalalamika.

Nilipoujaribu nyumbani mara ya kwanza ulikuwa na tatizo ambalo wenye majike hawatalijua. Kile kipande cha chini kilikuja mbele sana kikaziba panapohusika. Dagaa alikojoa, mkojo wote ukaingia kwenye turubai. Nilimpigia fundi, akacheka mpaka nikasikia kijana wake naye anacheka, akasema nilete. Alikata ghuba mbele, akapinda ukingo upya. Tangu hapo dume langu linakojoa likiwa limesimama, mkia juu, na mimi nimeshika mkanda huku nikitazama pembeni kwa heshima. Ukiagiza, sema mapema kama ni dume.

Tatizo la pili lilikuwa pedi. Aliweka sponji la godoro. Sponji ni laini, lakini linanywa maji na halikauki, na mvua za huku mnazijua, zikianza Oktoba zinaachia Mei. Baada ya wiki chache mkanda ukawa na harufu isiyosafishika. Nilirudi tena. Fundi akafikiri, akamtuma kijana Kibirizi kwa mwenye mtumbwi mmoja wa abiria, akarudi na jaketi okozi kuukuu lililochanika. Akatoa ule mpira mweupe wa ndani, akaukata vipande vyembamba, akavishona mahali pa sponji. Mpira ule haunywi maji hata tone. Sasa nafua mkanda jioni kwa sabuni ya mche, nautundika, asubuhi mkavu. Kama kuna kitu kimoja cha kumsisitizia fundi yeyote, hata wa Tabora au Kasulu, ni hiki cha jaketi okozi. Usikubali sponji.

Na kwa kuwa sasa unaelea, umefungua mlango mwingine. Daktari alikuwa ameniambia kwamba kutembea majini ni zoezi zuri kwa viungo vilivyochakaa: maji yakimfika mbwa nyongani, miguu inabeba chini ya nusu ya uzito wake, ila misuli inaendelea kufanya kazi. Wenzetu nchi za mbali wanalipia matangi ya maji ya uvuguvugu kwa ajili hiyo. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, na maji yake ya juu hayana baridi ya kumdhuru mbwa jua likishapanda. Siku zisizo na mawimbi tunateremka kwa bajaji mpaka ufukweni, mahali ambapo wanawake wanafulia na watoto wanaogelea, na hata hapo huwa nawauliza kwanza wavuvi habari za mamba, kwa sababu mamba wapo na mbwa mdogo majini ni kitoweo. Naingia mpaka magotini, namshika kwa mkanda, anatembea kandokando ya mchanga kidogo tu, kisha nje, taulo, jua. Siku ya kwanza alikunja miguu akagoma. Siku hizi akiona taulo anatikisa mkia. Paja la kulia bado ni jembamba kuliko la kushoto, lakini nikilibonyeza linanijibu.

Sasa kasoro, maana haya si matangazo.

Utepe wa kunata unajaa manyoya. Kwa mbwa wa manyoya mafupi pengine si neno, kwa Dagaa kila wiki nauchambua kwa mswaki wa zamani la sivyo haushiki, na hapo ndipo klipu ya begi inapookoa jahazi. Matundu ya mapaja yakikaa muda mrefu yanachubua kinena. Mkanda huu ni wa kuvaa wakati wa kutembea na kuvua mkirudi, asilale nao. Kila jioni nafunua manyoya ya kinenani nitazame kama kuna wekundu. Vilevile haumfai mbwa mwenye shida ya miguu ya mbele, kwa sababu unaponyanyua nyuma uzito wote unaenda mbele, na ukivuta sana mgongo unainuka anatembea kichwa chini. Mvuto unaotakiwa ni mdogo kuliko unavyodhani: mgongo ubaki umenyooka, nyayo zote nne zikanyage, wewe unamsindikiza tu. Mjukuu wangu mwanzoni alikuwa akimning'iniza, miguu ya nyuma inapepea hewani, mpaka nikamnyang'anya.

Fundi naye. "Njoo kesho" yake si kesho ya kalenda. Msimu wa kufungua shule usimpelekee kitu chochote, mabegi ya watoto yanamfunika. Risiti hana. Na ukikaa pale utasikiliza siasa zote za Simba na Yanga upende usipende. Lakini kila nilipompelekea kasoro aliipokea bila hasira, akaishika, akaitafutia dawa, na hakuna hata mara moja aliponiambia kwamba mbwa ndiye mwenye matatizo. Duka lililouza ule wa 85,000 lilikataa hata kuupokea.

Kuna watu watakaosoma hapa wakatoka mbio kutafuta mkanda, na mbwa wao ana maumivu ambayo hayajatibiwa. Mkanda hauondoi maumivu. Dagaa angegoma kutembea hata kwa mkanda wa dhahabu kama asingekuwa na dawa, kwa hiyo niongee kidogo kuhusu dawa, kwa sauti ya muuguzi.

Kabla daktari hajaja, nilipita duka moja la dawa, sitalitaja, nikaulizia ushauri. Muuzaji akanipa diklofenaki za binadamu, akasema nimkatie robo. Sikununua. Diklofenaki na ibuprofeni kwa mbwa ni sumu, zinatoboa tumbo na kuua figo, na kukata robo hakuzifanyi kuwa dawa ya mbwa. Aliyoandika daktari ni meloksikamu ya maji ya mbwa. Kipimo chake baada ya siku ya kwanza ni miligramu 0.1 kwa kila kilo moja ya mbwa kwa siku. Piga hesabu: mbwa wa kilo saba anahitaji miligramu 0.7. Kidonge cha meloksikamu cha binadamu kidogo kabisa ni miligramu 7.5, zaidi ya mara kumi. Na ile chupa ya sindano ya ng'ombe mnayoiona kwenye maduka ya mifugo huwa na miligramu 20 kwenye mililita moja. Tone la ziada kwa mbwa mdogo ni balaa. Kwa hiyo ya maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, baada ya chakula, kwa kipimo alichoandika daktari kwa uzito wa mbwa wako. Akitapika, akikataa kula, au kinyesi kikiwa cheusi, acha dawa, piga simu. Wala asichomwe deksamethazoni juu ya meloksikamu. Kuna wataalamu wa haraka huwa na sindano hiyo mfukoni kwa kila mnyama anayechechemea, kwa hiyo mwambie kila anayemgusa mbwa wako anatumia nini tayari.

Uzito ulisaidia kuliko nilivyotarajia. Mara ya kwanza nilimpima kwa muuza dagaa sokoni, kapu limening'inizwa kwenye ndoano ya mizani, na yule mama akawatangazia wenzake kwamba leo kaletewa dagaa anayebweka. Kilo 7.6 baada ya kutoa kapu. Nyumbani nilipiga marufuku mabaki, hasa mchuzi wa mawese, maana kila mtu alikuwa akimmwagia kidogo na kidogo za watu watano ni bakuli. Anakula dagaa wa kuchemsha bila chumvi, ugali wa kupimwa kwa kikombe, na boga la kumjaza tumbo. Sasa yuko kilo 6.4. Kwa binadamu hiyo tofauti ni chakula cha mchana. Kwa goti la Dagaa ni karibu sehemu ya sita ya mzigo imeshushwa. Na mkanda wenyewe ulilazimika kubanwa upya kwa ajili hiyo, bure vilevile.

Mengine ya nyumbani kwa ufupi. Sakafu ya vigae ilikuwa adui, mkeka wa ukindu juu yake adui mkubwa zaidi kwa sababu unasafiri na mbwa. Nimetandika vipande vya zulia lenye mpira chini, kuanzia kitanda chake mpaka mlangoni. Kucha zinakatwa, na manyoya ya katikati ya nyayo pia, la sivyo anateleza hata juu ya zulia. Seremala wa mtaani alinitengenezea ubao wa kupandia barazani, alitaka kuufanya mita moja, nikakataa: ngazi zangu kwa pamoja ni karibu nusu mita, ubao mfupi ungekuwa mlima. Mita moja na nusu ndiyo ilimkubali, na juu tumepigilia kapeti. Zile tembe za kulainisha viungo zinazouzwa ghali mtandaoni, daktari alisema ushahidi wake ni hafifu, nikaokoa hela. Mafuta ya samaki ushahidi wake ni afadhali, na hapa Kigoma samaki si bidhaa ya kuagiza.

Onyo moja kabla sijaeleza jinsi ya kuagiza. Kama mbwa wako jana alitembea vizuri na leo anaburuta miguu yote miwili ya nyuma, au hasikii ukimbana vidole, hiyo si baridi yabisi na usimpeleke kwa fundi. Mbwa wa migongo mirefu na miguu mifupi hupata gegedu za katikati ya pingili za mgongo kutokeza na kubana uti, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, mbwa asitikiswe, daktari aitwe.

Kwa mwenye baridi yabisi ya kawaida: nenda na mbwa mwenyewe, vipimo vya simu fundi havipokei. Awe mkavu na amekojoa. Chukua kanga au taulo, na mtu wa pili wa kumtuliza kichwa, kwa sababu mikono yako itakuwa kwenye uzi. Vaa viatu unavyotembelea kila siku, maana atakupima na wewe. Sema ni dume au jike, taja jaketi okozi mapema ili amtume kijana Kibirizi siku hiyohiyo, na kama rangi ya uzi inakuhusu, taja. Anataka nusu ya fedha mkononi, nusu ukichukua. Ijumaa nenda asubuhi. Ikifika saa sita anafunga kwa ajili ya swala, na akirudi anaanza na viatu vya watu wa safari za Jumamosi, kwa hiyo mbwa wako atasubiri mpaka alasiri.